Puto Halina Usukani

Msikilizaji, leo nakuletea habari za chombo ambacho wengi wetu tumekiona kwenye kalenda za ukutani tu: puto kubwa la rangi rangi limeelea juu ya mbuga, na chini yake kikapu chenye vichwa vya watu. Mimi nilikwenda kuliona kwa macho yangu Serengeti. Sikupanda. Nauli ya puto huko inapita dola 500 kwa mtu mmoja, na safari yenyewe ni kama saa moja. Nilikaa na vijana wanaolijaza hewa, wanaolishikia kamba, kisha wanaolifuata kwa gari nyikani. Nashukuru kwamba nilibaki nao, maana aliye ndani ya kikapu huwaona wanyama, lakini aliye chini huliona puto.

Tulikuwa karibu na Seronera, saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado. Asiyeijua Serengeti hudhani ni joto tupu. Kule ni mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake inataka koti. Nilitegemea kazi ya kwanza iwe kulikunjua puto. Haikuwa. Kijana mmoja alitoa kiputo kidogo, kama vile vya sherehe za watoto, kimejazwa heliamu na kufungiwa kitaa chenye mwanga hafifu, akakiachia. Wote wakanyamaza, wakainua nyuso. Kitaa kikapanda kikielekea magharibi, kimenyooka kama kinachovutwa na uzi. Kilipofika juu sana ya vilele vya migunga kikapinda mkono wa kulia, kikashika njia ya kaskazini, kikaenda hivyo mpaka kikafanana na nyota na kupotelea katikati ya nyota. Rubani alikitazama hadi mwisho. Hapo ndipo akatoa amri kitambaa kitandazwe.

Nimeanza na kile kiputo kwa makusudi. Ukimuuliza mtu puto linarushwa na nini, atakujibu ni moto. Kweli, moto ndio unaoliinua. Lakini moto hauwezi kulipeleka popote. Puto halina usukani, halina mbawa, halina injini ya kulisukuma mbele. Uwezo wa rubani ni wa mambo mawili tu, kupanda na kushuka. Yaliyobaki yote yamo mikononi mwa upepo, na urubani wenyewe ni elimu ya upepo.

Tuanze na kupanda.

Hewa ina uzito. Jambo hili tulifundishwa shuleni, tukaliandika kwenye daftari, tukalisahau, kwa sababu mkono hauuhisi uzito huo. Hebu kitazame chumba ulichokaa sasa hivi. Kama ni chumba cha kawaida, mita nne kwa tatu, na dari yake ni ya mita tatu, basi hewa iliyomo humo ina uzito wa zaidi ya kilo 40. Ni mifuko minane ya unga, ile ya kilo tano tano. Hatuuoni uzito huo kwa sababu sisi wenyewe tumo ndani yake, kama samaki alivyo ndani ya maji.

Sasa ipashe moto hewa hiyo. Hewa ikipata joto hutanuka. Chembe zake huenda mbio na kusukumana, na mahali palipokuwa pamejaa pakabaki chache. Kwenye puto, zile zilizozidi hutokea chini, mdomoni, na mdomo wa puto uko wazi muda wote. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Puto la hewa moto halifungwi, na halipasuki kama la sherehe kwa sababu hewa yake haikubanwa. Mbona basi hewa ya moto haimwagiki yote? Chukua kikombe, kifudikize, kizamishe kwenye ndoo ya maji kikiwa kimefudikizwa. Hewa iliyomo haitoki ingawa mdomo uko wazi. Imejikusanya juu, na mkono wako unahisi kabisa kwamba kikombe kinataka kupanda. Puto ndilo kikombe hicho, na maji ndiyo hewa baridi iliyolizunguka pande zote.

Kanuni hiyo aliieleza Archimedes zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akizungumzia maji: kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondoshwa mahali pake. Kanuni hiyo ndiyo inayobeba ngalawa, jahazi na meli za mafuta. Ndiyo hiyo hiyo inayobeba puto, wala haikuongezwa nyingine.

Nataka nipige hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonishangaza kuliko yote niliyoyaona kule. Maputo makubwa ya kubeba abiria 16 huchukua mita za ujazo kama 11,000. Hewa baridi ya alfajiri ya Serengeti, ukiijaza katika nafasi hiyo, ina uzito wa tani 11 na robo hivi. Ukiipasha hadi nyuzijoto 100, itakayobaki ndani ni tani 8 na robo tatu. Tofauti ni tani mbili na nusu, na humo ndimo kila kitu kinapaswa kuingia: kitambaa, kamba, kikapu, majiko, mitungi ya gesi, rubani na abiria wake wote. Kwa hiyo, msikilizaji, unapoliona puto limeelea juu ya nyumbu kama unyoya, ujue lina karibu tani tisa za hewa tumboni. Si jepesi hata kidogo. Limekuwa jepesi kuliko hewa ambayo nafasi yake limeichukua, na hiyo inatosha.

Hesabu hiyo hiyo inatuambia kwa nini maputo huruka alfajiri. Hewa ya nje ikiwa baridi huwa nzito, na tofauti huwa kubwa. Lakini iko sababu nyingine yenye nguvu zaidi. Jua likishaichoma ardhi, hewa ya chini huanza kupanda kwa vishindo, huku inapanda, kule inashuka. Tumbusi huisubiri hewa hiyo ili wapande bila kupiga mbawa. Rubani wa puto huikimbia. Jua linapoanza kuwa kali, yeye anataka puto lake liwe limeshakunjwa na kuwekwa kwenye trela.

Turudi uwanjani. Kitambaa kilipotandazwa nyasini kilikuwa kirefu kama uwanja wa netiboli. Nilikigusa. Ni nailoni nyembamba kama ya mwavuli, imepakwa dawa ili hewa isipenye, na imeshonewa mikanda ya kubeba uzito kutoka utosini hadi mdomoni. Karibu na mdomo, ambako moto ni jirani, kitambaa ni cha aina nyingine, cha jamii ya kile wanachovaa wazima moto, maana nailoni ikikutana na mwali huyeyuka. Kikapu kililazwa ubavu. Tunakiita kikapu, lakini ukubwa wake ni wa matenga kumi, kimegawanywa vyumba vyumba, na kimesukwa kwa henzirani. Niliuliza kwa nini wasitumie bati au plastiki. Kijana aliyekuwa akikaza mkanda alinijibu bila kuinua kichwa: "Bati, mzee, likigonga chini linapinda, linabaki hivyo hivyo. Hiki kinalia, kisha kinarudi." Baadaye puto lilipotua nilikisikia. Kililia kama kitanda cha kamba kinavyolia mtu mzito akikikalia, kikajikunja, kikarudi katika umbo lake. Fundi wa matenga wa Tengeru au wa Karatina angekielewa chombo hicho kwa kukishika tu.

Feni za petroli zikawashwa, zikasukuma hewa baridi ndani. Puto likaanza kuvimba likiwa limelala, likajaa mpaka mtu akaweza kuingia na kutembea ndani yake. Mmoja wao akaingia akiwa na tochi kukagua kamba. Kisha rubani akafungua gesi. Mlio wake hauna udugu na jiko la nyumbani. Ni ngurumo, na mwali wake ni wa mita kadhaa. Gesi ni propani, ambayo imo pia katika mitungi tunayopikia, lakini huku hutoka mtungini ikiwa bado majimaji, ikapita kwenye bomba lililozungushwa juu ya moto wenyewe, ikageuka mvuke papo hapo na kuwaka kwa wingi. Nilikuwa hatua kumi na tano, uso wangu ukapata joto na mgongo ukabaki na baridi yake. Taratibu lile lililolala likaanza kuinuka. Wanne walioshika kamba ya utosini wakawa wanailegeza hatua kwa hatua, wakivutwa, visigino vimekita ardhini, ili lisiinuke kwa pupa. Kikapu kikafuata, kikasimama, na abiria waliokuwa wamelala chali ndani yake wakajikuta wima. Ngurumo moja tena. Halafu kikapu kikaacha nyasi. Hapakuwa na mshindo. Kidole kimoja cha nafasi kati ya kikapu na majani, kisha shubiri, kisha dhiraa, kisha tukawa tunawatazama kwa chini.

Waliokuwa wa kwanza kulifanya jambo hili walikuwa wenye kiwanda cha karatasi, Joseph-Michel na Jacques-Étienne Montgolfier, ndugu wa mji wa Annonay huko Ufaransa. Tarehe 4 Juni 1783 walirusha mbele ya watu puto la kitambaa lililobandikwa karatasi kwa ndani, vipande vyake vimeunganishwa kwa vifungo kama vya shati. Walidhani kinachoinua ni moshi, kwa hiyo walichoma nyasi na sufu ili moshi uwe mwingi. Walikosea sababu, lakini jicho lao lilikuwa limeona sawasawa. Septemba ya mwaka huo, mbele ya mfalme Louis wa 16 pale Versailles, walipandisha kondoo, bata na jogoo, wakarudi hai. Tarehe 21 Novemba ikawa zamu ya wanadamu. Jean-François Pilâtre de Rozier na markizi d'Arlandes walielea juu ya Paris kwa dakika kama 25, huku wakilisha moto kwa nyasi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakizima kwa sponji yenye maji cheche zilizokuwa zikitoboa kitambaa. Fikiria hali yao: moto ukizimika unaanguka, ukizidi unaungua.

Siku kumi tu baadaye, tarehe 1 Desemba, Mfaransa mwenzao Jacques Charles alipaa Paris hiyo hiyo kwa puto lililojazwa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, isiyohitaji moto. Kwa karibu miaka 180 iliyofuata dunia ikaenda na njia ya Charles. Moto wa nyasi ulikuwa kazi ya hatari na isiyodumu. Lakini puto la gesi lina ugonjwa wake. Ukitaka kupanda, unamwaga mchanga. Ukitaka kushuka, unaachia gesi. Kila badiliko la kimo linakugharimu, na akiba ya mchanga au ya gesi ikikuishia, safari imekwisha.

Hapa ndipo Zanzibar inapoingia katika habari hii. Mwaka 1863 mwandishi Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya yake ya wiki tano ndani ya puto, na safari ya riwaya hiyo inaanzia Zanzibar, ikakata Afrika nzima mpaka Senegali. Zanzibar haikuchaguliwa ovyo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walikuwa wamepitia hapo kabla ya kuelekea Ziwa Tanganyika, na Ulaya ya wakati ule iliijua kama mlango wa kuingilia Bara. Lakini ziko pia sababu za upepo, na sisi wa pwani hatuhitaji Mfaransa kutueleza. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake. Kitu chochote kinachoelea juu ya Unguja, mwezi wowote wa pepo hizo, kitaelekea Bara. Riwaya hiyo ina aibu zake, imejaa dharau za zama zake kwa watu wa Afrika, na sioni haja ya kuificha. Ila swali lake la ufundi lilikuwa la kweli: mtu atawezaje kupanda na kushuka bila kupoteza mchanga wala gesi? Verne alibuni kichomeo cha kupashia haidrojeni, jambo ambalo likitendwa kweli ni kujilipua.

Mwaka 1962, miaka 99 baada ya kitabu hicho, Mwingereza Anthony Smith alikuja Zanzibar na puto la haidrojeni aliloliita "Jambo", akiwa na Douglas Botting, na pia kijana wa Kenya mpiga picha za wanyama, Alan Root. Walipaa kutoka Unguja, wakavuka bahari mpaka Bara, na baadaye wakaruka juu ya mbuga za Tanganyika. Kwa hiyo wako wazee wa Unguja ambao wanaweza kuwa walilishuhudia kwa macho lile puto likielekea Bara. Ukiwa na babu au bibi wa umri huo, muulize.

Wakati huo jibu la swali la Verne lilikuwa limeshapatikana, tena kwa kurudi kwa wale ndugu wa karatasi. Tarehe 22 Oktoba 1960, huko Bruning, Nebraska, Mmarekani Ed Yost aliruka kwa puto la nailoni lililopashwa kwa gesi ya mitungi. Moto sasa ulikuwa wa kufungulia na kufunga, na mtu aliweza kupanda na kushuka mara nyingi kadiri gesi ilivyoruhusu. Alan Root, aliyekuwa ameonja ladha ya haidrojeni Zanzibar, akahamia puto la aina hiyo. Mwaka 1974 yeye na mkewe Joan walivuka juu ya Kilimanjaro, na mwaka 1976 akaanzisha safari za puto za watalii katika Maasai Mara. Maputo yote tunayoyaona leo Mara na Serengeti ni wajukuu wa safari hizo.

Sasa tufike kwenye upepo.

Mtu wa pwani anaujua upepo kwa majina: kaskazi, kusi, matlai, umande. Anajua pia kwamba jahazi lina tanga na usukani, na likibanwa linaweza kwenda bisho, likakata upepo kwa pembe huku na huku mpaka likafika lilikotaka. Puto haliwezi kwenda bisho. Sababu yake inafaa kufikiriwa kwa utulivu. Jahazi limesimama kati ya vitu viwili, maji na upepo, nalo hushindanisha kimoja na kingine. Puto limo ndani ya kitu kimoja tu. Upepo ukienda, nalo linakwenda, kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana waliopanda husema kule juu hakuna upepo kabisa. Ungewasha mshumaa kikapuni, mwali wake ungesimama wima, huku ardhi inapita chini yako kwa kasi ya baiskeli au hata ya gari.

Kwa nahodha wa namna hiyo kuna njia moja tu: kuuchagua upepo kabla haujamchukua. Upepo si mmoja. Ule wa chini unasuguana na miti na vilima, usiku unateremka mabondeni pamoja na baridi. Ule wa juu una njia zake. Kile kiputo cha alfajiri kilikuwa kinamsomea rubani hayo: chini magharibi, juu kaskazini. Akitaka kulia, anapandisha. Akitaka kurudi kwenye mstari wake, anashuka. Huko Albuquerque, Marekani, ambako tamasha la maputo lilianza mwaka 1972 kwa maputo 13 tu, asubuhi za Oktoba hewa baridi huteremka na bonde kuelekea kusini, na juu yake upepo huelekea kaskazini. Siku ikiwa njema, rubani huenda na ule wa chini, akapanda, akarudishwa na ule wa juu, akatua karibu na alikoondokea.

Na kazi hiyo haina haraka. Tani tisa za hewa hazitii papo hapo. Rubani akifungua moto, sekunde kadhaa zitapita kabla puto halijaanza kupanda, na akifunga, litaendelea kupanda kidogo. Anayefungua gesi kwa sababu ameuona mti mbele yake ameshachelewa. Wa kwetu siku ile alikuwa akifungua kwa vipindi vifupi, wala sisi hatukuona mti wowote mbele yake. Tulikuwa nyuma kwa gari, tukiruka mashimo ya mhanga, na dereva alisema anausoma mti ulio mbele kwa kusikiliza ule moto.

Wako pia waliounganisha njia zote mbili, ya moto na ya gesi. Pilâtre de Rozier, yule wa kwanza kuruka, alikufa tarehe 15 Juni 1785 akijaribu kuvuka mlango wa bahari kwenda Uingereza. Alikuwa ameunganisha haidrojeni juu na hewa moto chini, puto likawaka angani. Wazo lake lilikuwa jema na gesi yake ilikuwa mbaya. Heliamu haiwaki. Mwezi Machi 1999 Bertrand Piccard wa Uswisi na Brian Jones wa Uingereza walipanda puto la mtindo ule ule, heliamu na hewa moto pamoja, ambalo hadi leo linaitwa kwa jina la Rozier. Waliondoka Château-d'Oex tarehe 1 Machi, wakatua kwenye jangwa la Misri tarehe 21, wakiwa wa kwanza kuizunguka dunia kwa puto bila kutua. Ni kilomita zaidi ya 45,000 bila usukani. Nchi kavu walikuwa na wataalamu wa hali ya hewa waliowaambia kila mara: pandeni kiasi hiki, shukeni kiasi hiki, upepo mnaoutaka uko hapo. Nikiulizwa ni nani aliyelizungusha puto lile dunia nzima, nitawahesabu na hao.

Hatari zipo na lazima zisemwe. Februari 2013, Luxor, Misri, moto wa gesi ulizuka puto likiwa linatua, likapanda tena likiwaka, na watu 19 wakafa. Tarehe 30 Julai 2016, Lockhart, Texas, puto lilipiga nyaya za umeme, na wote 16 waliokuwemo wakafa. Asubuhi hiyo ilikuwa na ukungu, na wachunguzi waliutaja uamuzi wa rubani wa kuruka. Wale vijana wa Seronera waliniambia kwamba siku moja kabla ya mimi kufika safari ilifutwa, wageni wakiwa wameshaamka na kuvaa, kwa sababu kiputo kilikwenda kombo. Wageni walinung'unika. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote niliyoisikia juu ya rubani yule.

Marubani wa maputo wenyeji wa nchi zetu wapo sasa, Tanzania na Kenya, wanawake na wanaume. Ni wachache. Wengi wa wenzetu bado wako kwenye kamba na kwenye gari, na wale niliokaa nao wanaujua upepo wa bonde lile kuliko mgeni yeyote. Kampuni zinazoruka juu ya mbuga zetu ziwapeleke vijana hao shule ya urubani. Inachotaka ni ada na nia.

Na mwalimu wa fizikia unayenisikiliza, wa Musoma, wa Narok, wa Bagamoyo: huna haja ya puto. Ndoo ya maji unayo, kikombe unacho. Wafudikizie wanafunzi kikombe, wakishike wenyewe, wahisi kinavyotaka kupanda. Kisha watoe nje asubuhi na mapema, jua halijawa kali. Waoneshe moshi wa jiko la shule unakoelekea, halafu waambie wainue macho wayatazame mawingu yanakokwenda. Siku nyingi wataona ni njia mbili tofauti.